Haya Saba

Rafiki yangu tulimwita Testi kwa sababu karibu maneno yote aliyowahi kuyasema mbele za watu yalikuwa hayo: testi, testi, moja, mbili. Jina hilo nilimpa mimi, naye akalipiza kwa kuniita Mdomo. Kazi yangu ni ushereheshaji. Nimeshika maiki kwenye harusi, mahafali na mikutano ya wazazi kwa miaka ishirini na miwili, na karibu mara zote aliyekaa nyuma ya mitambo alikuwa yeye. Mimi huongea mpaka watu wanatamani nipaliwe na mate. Yeye alikuwa kimya kama maji mtungini. Ukimpigia hesabu, kwa siku alisema maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa moja na mbili.

Mitambo yake ilikuwa michache na aliibeba mwenyewe. Spika mbili za kusimama kwenye miguu ya kukunja, sanduku la nyaya, na mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, ya aina ile yenye amplifaya ndani yake, ambayo unaifunga kifuniko na kuishika mpini kama begi la safari. Ilikuwa na chaneli nane. Chini ya kila chaneli alibandika plasta nyeupe akaandika kwa kalamu ya wino mzito: Mdomo, Mgeni Rasmi, Muziki. Nyaya zake alizikunja kwa namna moja tu, duara la juu kisha duara la chini, zisijisokote, na ole wako umsaidie kwa kuzizungusha kwenye kiwiko. Mimi nilimsaidia hivyo mara moja, mwaka wetu wa kwanza. Alizikunjua zote akazikunja upya mbele yangu.

Alikuwa pia na mtindo wake wa kumpima mtu kabla hajasikika. Kila chaneli ina kidude cha kusukuma juu na chini. Kikiwa chini, sauti haitoki nje. Lakini juu yake kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, wewe mwenye hedifoni unamsikia yule mtu peke yako, ukumbi mzima haujui kitu. Testi alimsikiliza hivyo kila msemaji kwanza, akamweka sawa kimyakimya, na akiridhika ndipo akakipandisha kidude. Watu walidhani wamezaliwa na sauti nzuri. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, mpaka siku nilipofanya kazi na fundi mwingine.

Sasa niseme alivyosikiliza. Testi hakusikia maneno, alisikia sauti. Nikishuka jukwaani nimewavunja watu mbavu, nikamfuata kumuuliza leo nilikuwaje, jibu lilikuwa, "Ulikaa mbali na maiki," au, "P zako zinapasuka." Mzaha wenyewe haukumfikia. Siku moja mjomba wa bwana harusi, aliyekuwa ameshapata kinywaji cha kutosha, alinipokonya maiki akamtukana Testi dakika nzima, kwamba mitambo yake ni makopo na uso wake unafaa kukaa nyuma ya mitambo. Watu wote wakamgeukia. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anamwongezea mjomba besi kidogo, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nyembamba. Nilicheka siku ile mpaka machozi yakanitoka. Siku hizi nikiikumbuka sicheki.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, Testi alimwita mama, na mimi nilimwita shemeji. Huyo ndiye aliyekuwa na sauti. Angesimama mlangoni mwa darasa lake akamkemea mtoto aliyeko upande wa pili wa uwanja, na mtoto akatii, na mwalimu mkuu naye akatii kwa bahati mbaya. Neno lake la kila saa lilikuwa hili moja: haya. Alikuwa na haya fupi ya kukubali. Alikuwa na haya ndefu ya kumwambia mgeni kwamba amekaa vya kutosha. Kulikuwa na haya ya umeyataka mwenyewe, na nyingine laini, ya kumlaza mtoto, ambayo binti yao wa pekee alisema huisikia mpaka leo akiwa na homa. Testi alizijua zote. Akiwa sebuleni ameinamia waya wake, ikatoka haya moja jikoni, alijua kama ainuke au aendelee kukaa, na hakuwahi kukosea. Nadhani hilo ndilo neno pekee duniani alilolisikia kama neno.

Ugonjwa aliusikia yeye kabla ya daktari yeyote. Ilikuwa siku ya wazazi shuleni, Mwalimu anasoma majina ya watoto waliofanya vizuri. Testi akakunja uso. Akaninong'oneza kwamba kuna mkwaruzo kwenye chaneli ya tatu. Akabadilisha waya, mkwaruzo ukabaki. Akabadilisha maiki. Nyumbani akafungua spika, akaisafisha, akaifunga. Mkutano uliofuata akaleta waya mwingine, na uliofuata mwingine tena. Miezi minne mizima alitafuta ubovu kwenye mitambo, mpaka jioni moja mkewe alipomwita kutoka bafuni amletee taulo. Hapakuwa na maiki wala waya wala spika, na mkwaruzo ulikuwepo.

Alikuja kwangu siku hiyohiyo. Nilimkaribisha ndani akagoma, akasimama palepale mlangoni.

"Nilibadilisha waya, Mdomo," akaniambia. "Mara tatu."

Hospitali walikuta uvimbe kooni, na ulikuwa umeshashika sanduku la sauti. Daktari alikuwa muungwana, hakumlaumu mtu, ila alisema wangewahi kidogo pengine ungechomwa kwa mionzi, basi. Sasa lazima kila kitu kikatwe. Mwalimu angepona, angekula, angetembea, angepumulia tundu lililo shingoni. Kuongea ndiyo hapana. Testi aliyasikiliza hayo yote, na safari hiyo, kwa mara ya kwanza, aliyasikia maneno.

Mwalimu alipokea habari kwa haya moja ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia, kisha akaanza kupanga. Binti yao alikuwa ameshachumbiwa, na harusi ilikuwa baada ya miezi minane. Yeye alikuwa amejiwekea kwa miaka mingi kwamba siku ya binti yake atasimama aseme ya moyoni. Alikuwa amesikiliza mama za watu wengine wakisema, akaondoka amenuna kwamba wameharibu. Basi, kama siku ile hatakuwa na sauti, atasema sasa, Testi arekodi, na siku ikifika wageni watamsikia kwenye spika. Akamwambia binti yake asiwe na wasiwasi. Kusema atasema.

Walirekodi Jumapili mchana, kesho yake akalazwe. Haya yote Testi alinisimulia baadaye, moja baada ya jingine, kama anakagua nyaya. Alifunga madirisha ya sebule. Alichomoa friji isingurume na kutoa betri kwenye saa ya ukutani. Alitundika mablanketi mlangoni. Spika hakuziunganisha kabisa, kwa sababu chumba kile ni kidogo, zingepiga mluzi. Akampa mkewe maiki nzuri kuliko zote, kwenye chaneli ya tatu, ikiwa imesimama kwenye mguu wake wa chuma, usawa wa kidevu. Maiki nyingine, yenye swichi, akaishika mwenyewe mkononi, ya kutangazia kila sehemu, ili baadaye iwe rahisi kuzitafuta. Flashi akaichomeka kwenye mikisa. Kisha akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe, akampima mkewe taratibu, na kumpima huko kulichukua muda kuliko alivyowahi kumpima mtu. Alitaka mkwaruzo usisikike.

Alikuwa bado anapima Mwalimu alipomwambia awashe upesi, kabla moyo haujambadilika. Testi akawasha. Akabonyeza swichi ya maiki yake akatangaza sehemu ya kwanza, akasema endelea, mama. Mkewe akaitikia haya. Testi akazima swichi yake, na mkewe akaanza kusema.

Alisema sehemu saba. Koo lilikuwa linamuuma, kwa hiyo kila sehemu ikiisha walisimama, akanywa maji ya uvuguvugu, Testi akatangaza inayofuata, akajibiwa haya, wakaendelea. Sauti ilikuja safi masikioni mwake. Taa za kijani zilipanda na kushuka vizuri. Dakika arobaini hivi zikapita, na mwishoni wote wawili walikuwa wamelowa machozi.

Testi alikuwa na sheria moja ambayo hata mimi niliishika kwa kuogopa macho yake: ukirekodi, sikiliza palepale, kabla mtu hajaondoka. Siku ile akanyoosha mkono airudishe mwanzo asikilize, na mkewe akamzuia. Alimshika kifundo cha mkono. Alimwambia akiisikia sauti yake sasa hivi, kesho hatakwenda hospitali, na akamwapisha kwamba yeye naye hataigusa mpaka siku ya binti. Testi akakubali. Akaichomoa flashi, wakaitia kwenye bahasha, Mwalimu akailamba na kuifunga, ikawekwa juu ya kabati. Alivunja sheria yake mara moja tu maishani, na aliivunja kwa mapenzi.

Sitasimulia upasuaji. Alirudi nyumbani amekonda, na mtandio mwepesi shingoni, na daftari la shule lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Akimtaka mumewe, aligonga meza mara mbili. Wanafunzi wake walikuja kumwona, wakakaa wamebanana kwenye makochi, wakamwogopa, wakaondoka. Mimi nilikwenda kila wiki na kuongea mara mbili ya kawaida yangu ili kimya kisipate nafasi, na nikitoka pale nilikuwa hoi. Siku moja nilimwambia kwa mzaha kwamba sasa amenipa uwanja wote, nyumba haina tena mpinzani wangu. Alitabasamu, akaandika, akanigeuzia daftari.

"Shemeji, mimi sijaisha. Nimebakiza dakika arobaini."

Akaonyesha kwa penseli juu ya kabati. Na alikuwa akifanya hivyo kila alipokuja mgeni. Binti akija na vitambaa vya kuchagua, mama anaonyesha juu ya kabati. Jirani akimpa pole, anaonyesha juu ya kabati. Testi akiwa amekaa hapo, naye anatazama juu ya kabati, na niseme ukweli, sijawahi kumwona mtu mwenye huzuni aliyeringa namna ile.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi, na sherehe ilikuwa ianze saa nane mchana. Kufikia saa tano mimi na Testi tulikuwa ukumbini. Watu wa mapambo walikuwa wanafunga vitambaa kwenye viti, mtu mmoja anafagia, mpishi anagombana na mtu kwenye simu. Testi alikuwa amenyoa na amevaa koti la baba wa bibi harusi, lakini alikataa katakata kumwachia fundi mwingine mitambo. Alisema hawezi kumkabidhi mtu chaneli ya tatu. Aliifungua bahasha kwa kisu kidogo, taratibu, akachomeka flashi, akavaa hedifoni. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, napanga orodha yangu: kuingia maharusi, mgeni rasmi, kisha neno la mama mzazi.

Nilimwona akitabasamu. Baadaye nilijua alikuwa amejisikia mwenyewe akitangaza sehemu ya kwanza, na mkewe akiitikia. Kisha akasubiri. Akashika waya wa hedifoni akauzungusha kidogo kwenye tundu lake. Akasogeza rekodi mbele, akasikiliza, akasogeza tena. Nikamwuliza kuna nini. Alivua hedifoni akanivalisha mimi.

Nikasikia sauti yake: "Sehemu ya nne. Endelea, mama." Kisha kwa mbali, kama mtu aliyeko chumba cha pili, "Haya." Kisha swichi, ta, na kimya. Kimya chenyewe hakikuwa cha chumba chenye watu, hakikuwa na pumzi wala kiti kulia. Nilisubiri dakika nzima. Halafu, "Sehemu ya tano. Endelea, mama." "Haya." Ta.

Testi aliweka kidole kwenye kidude cha chaneli ya tatu. Hakukipandisha. Siku ile ya kurekodi alimpima kidude kikiwa chini, kama alivyompima kila mtu kwa miaka yote, na mkewe alipomwambia awashe upesi aliwasha, akasahau kukisukuma juu. Kitufe kilikuwa kimebonyezwa, kwa hiyo masikioni mwake kila kitu kilikuwepo, na hata zile taa za kijani zilicheza kwa sababu kitufe hicho huzifanya taa nazo zifuate kinachosikika kwenye hedifoni. Lakini flashi hurekodi kinachotoka nje, haijali kinachosikika kwenye hedifoni. Kilichotoka nje ni maiki yake yeye, kila alipobonyeza swichi kutangaza sehemu, na hizo haya saba zilizoidondokea kutoka upande wa pili wa sebule.

Nilikuwa bado nimevaa hedifoni Mwalimu alipoingia kwa mlango wa pembeni. Alikuja mapema kukagua viti, kwa kuwa alikuwa Mwalimu. Gauni lake lilikuwa la rangi ya zambarau na mtandio wa shingoni umefanana nalo, na mkononi alikuwa na daftari jipya lenye jalada gumu. Alitupungia mkono, kisha akaziona nyuso zetu, akaushusha.

Mimi ningesema uongo. Nasema wazi. Ningesema flashi imekufa, vitu hivi hufa kila siku, na mpaka leo najuta kwamba sikuwahi kuufungua mdomo kabla yake. Testi alimwendea mkewe katikati ya ukumbi, akasimama mbele yake mikono imening'inia.

"Mama, sikukurekodi," akasema. "Nilikusikia mimi peke yangu."

Mwalimu alikuwa ameishi na fundi wa sauti miaka ishirini na saba, hakuhitaji kuelezwa vidude. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Akatazama meza ya maharusi. Halafu akafungua daftari akaandika, na nikasogea nikasoma na mimi.

"Ulinisikia?"

Testi akasema ndiyo, alimsikia, yote, mwanzo mpaka mwisho.

"Basi utasema wewe," akaandika.

Hapo moyo wangu ukapata nguvu, na hilo ndilo linaloniuma. Niliona pa kutokea. Nikachukua kalamu, nikageuza orodha yangu upande wa nyuma, nikamwambia Testi asihangaike na kusimama mbele za watu, anitajie mimi, nitayaandika, nitayasema kwa niaba ya mama, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikavuta kiti. Mwalimu akamgeukia mumewe, uso umeanza kurudi.

Testi akaanza. Alisema sehemu ya kwanza alianza juu mno, kisha akatulia. Ya pili aliisogelea maiki. Ya tatu ilikuwa nzuri kupita zote, mkwaruzo haukusikika kabisa. Ya nne alimeza mate katikati. Ya tano alilia, ikabidi ampunguze kidogo.

Mimi nilikuwa sijaandika kitu. Nikamwuliza polepole, hiyo ya tano, alipokuwa analia, alikuwa anasema nini.

Akafungua kinywa. Nilimwona akitafuta. Alitazama sakafuni, akatazama mikisa yake kule mezani, akafumba macho kabisa, na midomo ikawa inacheza bila sauti. Mwalimu alikuwa amemkodolea macho, ameegemea mbele, kama vile anamsubiri mtoto mgumu wa darasa la kwanza apate jibu ambalo amemfundisha mwenyewe. Mtu wa mapambo alipita na ngazi, akatuomba tumpishe, hakuna aliyempisha.

"Sikumbuki," Testi akasema. "Nilikuwa nasikiliza isiharibike."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Nilimgeukia shemeji nikamwomba ayaandike upya, muda upo, bado tuna saa mbili na nusu nzima, mimi nitayasoma kama alivyotaka. Nilimbembeleza kwa kila neno nililo nalo. Aliandika neno moja tu kwenye daftari lake jipya, "Nilishasema," akaingiza penseli pembeni mwa jalada, akalifunga. Kisha akainuka akaenda kunyoosha vitambaa vya viti, kiti baada ya kiti, safu nzima ya mbele.

Harusi haimsubiri mtu. Wageni waliingia, maharusi waliingia, mgeni rasmi akaongea kuhusu yeye mwenyewe. Nami nilifanya kazi yangu, nikawachekesha watu. Kila nikitazama nyuma ya mitambo Testi alikuwa ameinama. Orodha ikafika kwenye neno la mama mzazi. Binti alikuwa ameshajiweka sawa kwenye kiti, ameshika kitambaa cha machozi. Alikuwa anajua kwamba atamsikia mama yake kwenye spika. Asubuhi ile alikuwa amenipigia simu akaniambia, baba mdogo, usiniweke karibu na spika, nitaaibika. Nilimtazama Testi nikimwuliza kwa macho turuke. Akatikisa kichwa. Akaninyooshea vidole saba.

Nikashika maiki nikasema mama ana neno moja kwa binti yake. Kila mtu husema hivyo akiwa anataka kusema nusu saa, na wageni wakajiweka vizuri kwenye viti. Siku ile nilikuwa nasema ukweli mtupu.

Testi alisukuma kidude mpaka juu. Ikatoka sauti yake kubwa, ya karibu: "Sehemu ya saba, ya mwisho. Endelea, mama." Na nyuma yake, kutoka mbali, imechoka, ikatoka ya Mwalimu.

"Haya."

Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Wageni walisubiri. Mtu akakohoa. Mmoja kwenye meza za nyuma akacheka, akidhani mitambo imeharibika, na wengine wakaanza kunong'ona. Binti hakugeukia kwenye spika kabisa. Aligeuka upesi akatazama mdomo wa mama yake. Nilimwona vizuri, nilikuwa hatua mbili tu: kwa nukta moja aliamini mama yake ameongea. Na mama yake, aliyeona ameangaliwa hivyo, akapeleka mkono kwenye mtandio wa shingoni akauficha. Binti akazunguka meza na gauni lake lile refu, akapiga magoti, akaweka uso kifuani kwa mama yake, na mama akampigapiga mgongoni. Hiyo haya laini ya kumlaza mtoto ndiyo iliyokuwa inatakiwa pale, na haikuwepo. Mimi Mdomo nilibaki na maiki mkononi mdomo wazi, mpaka Testi akanipunguzia na kuweka muziki.

Binti alimsamehe baba yake palepale, kwa sauti, akimlilia begani. Mwalimu hakununa wala hakumfukuza. Anampikia, anamgongea meza mara mbili akitaka kitu, anamwandikia chumvi imeisha, bomba linavuja. Kuhusu yale mambo ya ukumbini haandiki.

Testi bado anafanya kazi, lakini si yule. Sasa anasikiliza maneno. Ninapokuwa jukwaani namwona ameegemea mbele, mkono uko mbali na vidude, anamtazama msemaji midomoni, na spika zinapiga mluzi mpaka watu wanaziba masikio. Tumepoteza kazi kadhaa kwa ajili hiyo. Tukikunja nyaya ananisimulia: yule bibi alisema mjukuu wake alizaliwa siku ya mvua kubwa, yule baba alisema hakuwahi kumwambia mwanawe kwamba anamwonea fahari. Anayakumbuka yote, ya watu wasio wake, na ananitajia bila kuruka neno. Namsikiliza nikitamani aniambie P zangu zinapasuka.

Juma lililopita alikuja kwangu, na safari hii aliingia akaketi. Alisema hatimaye alimwuliza. Alikuwa amekaa mwezi mzima akijipiga moyo konde, na jana yake, mkewe akiwa anasahihisha daftari za watoto wa jirani, akamwuliza kama amemsamehe. Mwalimu alimtazama, akaandika, akachana karatasi akampa. Testi akaitoa mfukoni mwa shati. Alikuwa ameikunja mara mbili, sawasawa, pembe kwa pembe.

Ilikuwa imeandikwa neno moja tu, haya.

"Wewe ndiye mtu wa maneno," akaniambia. "Hii ni ipi?"

Niliitazama. Mwandiko wa mwalimu, safi, juu ya mstari, herufi nne. Ile ya kukubali huandikwa hivyo, na ya kumwambia mtu aende zake huandikwa hivyo, na ya umeyataka mwenyewe, hata ile ambayo maana yake ni aibu. Angeitamka, Testi angeijua kabla hajaimaliza. Nilimrudishia karatasi yake nikamwambia sijui, akaikunja tena vilevile, akairudisha mfukoni.